Santuri ya Mwalimu wa Fizikia

Kitu cha kwanza tulichoambiwa na waliotutangulia kidato ni kwamba Mwalimu wa Fizikia hapendi kelele. Ukiburuza dawati, anaacha kufundisha. Ukidondosha kalamu, anangoja hadi iache kubiringika ndipo aendelee na sentensi pale pale alipoikatia. Alikuwa Mzungu mrefu, mkavu, wa kutoka Uskoti, na kufikia zamu yetu ya kufundishwa naye alikuwa amekaa mkoani Tabora miaka ya kutosha hata watoto wa mitaani walishachoka kumfuata. Hakuna aliyemwita kwa jina. Shuleni, sokoni, hata kwenye ofisi za serikali, alikuwa Mwalimu wa Fizikia, na upande wa Kipalapala, alikopanga nyumba ya vyumba viwili katikati ya mashamba ya watu, ukisema Mwalimu tu ilitosha.

Tangu tumzike namkumbuka vipandevipande. Namkumbuka akitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ambavyo alivibeba mfukoni mwa shati na kuvitoa kimoja kimoja kama mtu anayetoa chaki. Namkumbuka Jumamosi, akitembea peke yake njia ya zamani ya misafara mpaka Kwihara na kurudi, fimbo mkononi, hasemi na mtu mpaka asemeshwe. Lakini zaidi namkumbuka akiongea.

Kiswahili chake alikipata Lusu, kule Nzega, alikofundisha miaka yake miwili ya kwanza akiishi na familia ya wakulima. Kwa hiyo r yake ilinguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka, ila mengine yote aliyatamka kama mzee wa Kinyamwezi. Asubuhi alitusalimu "mwangaluka", na asiyeitikia alirudishwa mlangoni aingie upya. Mwenyewe alimwamkia shikamoo kila aliyemzidi umri. Sokoni kulikuwa na mama muuza karanga aliyemzidi miaka miwili tu, walishahesabiana. Hata nywele zao zote zilipokuwa nyeupe, alisimama mbele ya ungo wake, akainamisha kichwa, akasema shikamoo, na yule mama akaitikia marahaba kwa sauti ya kusikiwa na soko zima.

Alisema hana dini. Aliwaambia hivyo hata mapadre wa seminari waliokuwa majirani zake, na wao walimzoea, wakawa wanabishana naye huku wakinywa chai yake. Lakini kila Pasaka, alfajiri, Wamoraviani walipokwenda makaburini kupiga tarumbeta, alikuwepo, amesimama nyuma kabisa na kofia mkononi. Nilimuuliza mara moja, nikiwa nimeshakuwa mtu mzima, mtu asiye na dini anafuata nini makaburini alfajiri. Alijibu kwamba wapigaji wa tarumbeta kubwa walikuwa wanachelewa kidogo, kila mwaka, mahali pale pale, na alitaka kujua kama watajirekebisha. Nilimwona mwaka ule akifuta macho, lakini baridi ilikuwepo pia, siwezi kuapa.

Sifa hakutoa. Ukipata tisini na tano kwenye mtihani, aliandika pembeni, "Tano zimekwenda wapi?" Alimwandikia hivyo hivyo mwalimu mkuu kwenye ripoti ya ukarabati wa maabara. Lakini ukikwama, alikuwa mtu mwingine. Alikaa nawe hadi jua lishuke, akieleza jambo moja kwa njia nne, tano, bila kukuonyesha kwamba umemchosha.

Somo alilolifundisha kuliko yote lilikuwa la sauti. Maabara yetu haikuwa na vifaa, kwa hiyo alichukua ubao mrefu, akafunga waya wa breki ya baiskeli kutoka ncha moja hadi nyingine, akaning'iniza mawe mwishoni. Ukiongeza jiwe, waya unakaza na sauti inapanda. Ukiweka kijiti katikati, sauti inaruka juu kwa kipimo kamili. Wanafunzi wengine waliandika kanuni. Mimi, niliyekuwa naimba kwaya tangu mdogo, niliona kwamba kabla ya kuanza somo alikuwa anainamisha sikio na kusogeza kijiti kidogo sana, mpaka waya utoe noti anayoitaka. Kwa ajili ya kanuni haikuwa lazima. Alifanya kwa sababu asingeweza kuvumilia usipokuwa sawa.

Tulikuja kujua kitu kidogo zaidi siku ya mashindano ya kwaya Usoke. Kwetu ni Usoke. Baba yangu alilima tumbaku karibu na reli. Mwalimu alikuja na wanafunzi kama msimamizi, akakaa benchi la nyuma. Gitaa la kwaya yetu lilikuwa limekaa juani, nyuzi zimelegea, na mpigaji alikuwa anahangaika nalo mbele ya watu. Tukamwona Mwalimu anainuka, anapita katikati ya kanisa, anamwomba yule mpigaji gitaa. Akalikaza uzi mmoja mmoja bila haraka. Halafu, labda kujaribu tu, akapiga.

Sijui nieleze vipi. Haukuwa muziki wa kanisa na haukuwa muziki wa dansi. Ulikuwa mkavu, unakwenda kwa kukatakata, kama mvua ya kwanza kwenye bati kabla haijashika. Hakupiga hata dakika moja. Akamrudishia mpigaji gitaa lake, akarudi benchi la nyuma. Njiani kurudi nilimwambia kwamba sikujua kama anapiga gitaa. Akasema hapigi. Nikasema tumemwona. Akasema, "Mlichoona ni mtu anakaza nyuzi."

Nilipomaliza kidato cha nne nilitaka kusoma ufundi wa redio na vifaa vya umeme. Baba alikataa. Alisema mtoto wa kike hawezi kukaa barazani na bisibisi akichekwa na wapita njia. Mwalimu alipanda treni akaja Usoke. Ulikuwa msimu wa kufunga tumbaku kwenye fito kabla ya kuikausha, na baba hakuacha kazi kwa sababu ya mgeni. Mwalimu akakunja mikono ya shati, akakaa chini, akafunga tumbaku. Walikaa tangu asubuhi mpaka saa nane wakizungumzia mvua, mbolea na bei. Kuhusu mimi hawakusema neno, mpaka Mwalimu aliposimama kujipangusa. Akasema ana mwanafunzi anayesikia hitilafu ya redio kabla hajaifungua, na kwamba katika miaka yake yote amepata mmoja tu wa namna hiyo. Baba aliniambia jioni ile nijiandae kwenda chuo. Mimi nilikuwa nimesikia yote kupitia dirisha la jikoni, na ndiyo sifa pekee niliyowahi kuisikia ikitoka kinywani mwa Mwalimu.

Ndivyo nilivyokuja kuwa na karakana yangu mjini, karibu na soko. Mwalimu alipostaafu alikuwa anapita karibu kila siku, anaketi kwenye stuli, anasoma gazeti, anakosoa uchomeleaji wangu wa risasi. Aliniita Fundi. Mimi sikuweza kumwita chochote zaidi ya Mwalimu.

Barua zake zilikuwa zinakuja kwa sanduku langu la posta, maana lake alishalifunga. Hazikuwa nyingi. Kila mwisho wa mwaka ilikuja moja kutoka Uskoti, mwandiko ule ule mkubwa. Aliipokea, akaitia mfukoni pamoja na michembe, na hatukuizungumzia. Mwaka mmoja, badala ya barua, kilikuja kifurushi bapa cha mraba. Nilipomkabidhi alikigeuza mara mbili, akakirudisha mezani kwangu.

"Fungua wewe," alisema.

Ndani kulikuwa na santuri mbili kwenye maganda meupe yasiyo na picha, na barua. Aliisoma amesimama, kisha akaketi, akaanza kunieleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu Tabora.

Alipokuwa kijana kwao alikuwa kwenye bendi. Walikuwa wanne, wa mji mmoja wa viwanda vya meli ambavyo vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine. Rafiki yake wa tangu utotoni aliimba, mwingine alipiga besi, msichana mmoja alipiga dramu, na yeye alipiga gitaa na kutunga maneno. Nilimuuliza ni muziki gani. Akasema ni ule uliokuja baada ya panki. Nikamwambia sisi panki tunaijua kuwa mtindo wa nywele. Alifikiri kidogo akasema hata kwao ilianzia kwenye nywele.

Walitoa santuri ndogo tatu, wakaanza kusikika redioni. Kisha wakapata safari ya kupiga kwenye miji mingi ya Ulaya, na wakati huo huo mama yake akaugua kifua. Alikuwa mtoto pekee, baba hayupo. Aliwaomba wenzake waahirishe. Mwimbaji alikataa, alisema nafasi kama ile haigongi hodi mara mbili. Wakaondoka na mpiga gitaa mwingine. Albamu yao ya kwanza ilitoka na nyimbo ambazo nusu yake alizitunga yeye, na kwenye jalada kuna picha ya mtu mwingine ameshika gitaa. Mama yake alifariki majira yale ya baridi. Akauza gitaa, akaomba kazi ya kufundisha popote palipo mbali, wakampa Lusu, mkataba wa miaka miwili.

Barua ilitoka kwa yule mpiga dramu. Ndiye aliyekuwa akiandika kila mwaka. Sasa alisema kwamba kampuni ndogo inataka kukusanya nyimbo zote za bendi kwenye albamu moja, tangu za mwanzo kabisa mpaka walipovunjika, na nyingine ambazo hazikuwahi kutoka. Mpiga besi amekubali. Mwimbaji alifariki mwaka uliopita. Mjane wake amekubali. Amebaki yeye. Bila saini yake, mpiga dramu hatairuhusu itoke. Alikuwa amemwomba mara tatu kwa barua. Safari hii aliona heri amtumie nakala ya majaribio aisikie mwenyewe.

Mwalimu hakuwa na kitu cha kuchezea santuri, na mimi sikuwa nacho. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, ambaye mashine ya marehemu baba yake ilikuwa imekaa juu ya kabati tangu sijazaliwa. Aliniazima kwa sharti kwamba nikiitengeneza na yeye atasikiliza santuri zake. Mkanda ulikuwa umeoza. Nikaweka wa deki ya zamani. Sindano ilikuwa bado nzima. Siku ya pili nilimwambia Mwalimu aje mchana, saa ambayo wateja ni wachache.

Alisikiliza amesimama, mikono nyuma, kama anasimamia mtihani. Nilitambua ule upigaji wa Usoke mara tu wimbo wa kwanza ulipoanza: gitaa kavu, linakatakata, dramu nyuma yake zikikimbia kama mtu anayewahi treni. Mwimbaji alikuwa na sauti ya kulalamika, ya kijana anayemdai mtu jibu. Mwalimu kila baada ya muda alifunga macho, na mara moja alikunja uso akaniambia wapiga besi wote duniani wanachelewa. Nikageuza upande, nikaweka ya pili.

Wimbo wa mwisho kabisa ulikuwa tofauti. Gitaa lilikuwa peke yake, karibu sana, na kwa mbali maji yanachemka. Yeye mwenyewe alikuwa anaimba, kwa sauti nyembamba ya kijana wa miaka ishirini na kitu. Katikati mtu alikohoa. Wimbo ulipokaribia kwisha, sauti ya mama mtu mzima ilisema kitu kwa lafudhi nzito ambayo Kiingereza changu hakikuifikia. Gitaa likasimama, kijana akacheka, basi.

Mwalimu alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea boksi la spika. Sikumwona akikaa. Niliogopa, nikamuuliza kama anaumwa. Akatikisa kichwa.

"Anasema chai inapoa," alisema. "Anasema niache hicho kitu, chai inapoa."

Nikainua sindano. Aliniambia hakujua kama ile kanda ipo. Aliirekodi jikoni kwao, wiki mama alipotoka hospitali, akampa mpiga dramu aisikilize, na baada ya hapo kila mtu alienda zake. Kisha akasimama, akajipangusa suruali, akaanza kuzirudisha santuri kwenye maganda yake. Alisema hatatia saini. Mama yake si kitu cha kuwekwa dukani.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nimjue. Nilimbishia. Nilimwambia wimbo wa watu wanne si wa mtu mmoja. Nilimwambia mwenzake aliyemkosea ameshakufa na hawezi tena kuombwa wala kuomba radhi, na waliobaki hawakumkosea kiasi hicho. Aliendelea kufunga kifurushi kana kwamba naongea na mteja mwingine. Ndipo nikasema, "Mwalimu, mama yako amekaa kwenye boksi la kanda miaka arobaini, na wewe hukuwa na habari. Aliyemtunza ni nani?"

Aliniangalia. Miaka yote ile ya kutazamwa na yule mtu, kwa makosa mengi, sikuwahi kutazamwa hivyo. Alichukua kofia yake akatoka, kifurushi amekiacha.

Hakuja kesho yake, wala wiki ile. Nilimwona mara mbili akipita ng'ambo ya barabara bila kugeuka. Nilitaka kwenda Kipalapala kumwomba radhi, na kila nilipojiandaa kwenda niliona kwamba radhi ningeiomba kwa namna nilivyosema, si kwa nilichosema, na yeye angeijua tofauti hiyo mara moja. Nikabaki. Mzee wa duka la vitambaa alifuata mashine yake, akafurahi nayo, na karakana ikawa kimya kwa namna nisiyoipenda. Mwezi wa kwanza ukaisha, na wa pili.

Alirudi siku ya Jumatatu. Aliketi kwenye stuli yake kana kwamba aliondoka jana, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaomba gundi ya bahasha. Aliniachia niisome. Saini yake ilikuwa chini, na juu yake, kwa mwandiko wa ubaoni, masharti mawili. Kwanza, orodha ya wapigaji ianze na jina la mwimbaji. Pili, kwenye wimbo wa mwisho jina la mama yake liandikwe pamoja na wanamuziki, kama mwanamuziki.

Nilisoma mara mbili. Nikamwambia ni barua nzuri.

"Ilinichukua wiki tisa," alisema. "Ingetakiwa moja." Kisha akachukua redio niliyokuwa naitengeneza, akaanza kukosoa.

Mwaka uliofuata alikuwa ameanza kudhoofika. Moyo wake, daktari alisema, na yeye alimweleza daktari kanuni ya pampu. Matembezi ya Kwihara yaliishia njiani, halafu yakaishia langoni. Ndipo ilipokuja barua kwamba albamu imetoka, na kwamba mpiga dramu hataituma kwa posta. Ataileta mwenyewe, na atakuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, kwa sababu reli hiyo ameisoma kwenye ramani miaka mingi.

Nilimpeleka Mwalimu stesheni kwa bajaji. Treni ilitakiwa kufika alfajiri. Ikafika saa nne asubuhi. Mwalimu alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, na alikataa benchi. Nilimwambia akae, akasema atakaa treni ikifika, na ilipofika hakukaa. Watu walishuka na magunia, ndoo, kuku, watoto. Mwisho kabisa akashuka mama mfupi, nywele nyeupe zilizokatwa chini, mkoba begani na boksi bapa la mraba amelikumbatia kifuani. Alitazama huku na huku kidogo tu, maana tulikuwa na Mzungu mmoja.

Alikuja akasimama mbele yake. Miaka zaidi ya arobaini, na kati yao nafasi ya hatua moja.

"Pole na safari," alisema Mwalimu. "Treni imechelewa sana. Tumekaa hapa tangu alfajiri, nikasema labda imeharibikia Itigi. Umekula kitu?"

Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, kwa makini, kisha akanigeukia mimi. Mwalimu naye akatambua kwamba amesema Kiswahili. Alifungua kinywa kuanza upya, kwa lugha yao, na nikaona hakuna kinachotoka. Mtu aliyenifundisha kila neno la Kiingereza la fizikia ninalolijua alisimama pale anatafuta, uso umemwiva, mpaka alipoacha kutafuta.

"Fundi," alisema. "Mwambie."

"Nimwambie nini, Mwalimu?"

"Mwambie barua zake zote nilizipata."

Nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha darasani. Yule mama alijibu polepole, akimtazama yeye na si mimi. Alisema alijua. Kwa miaka yote ile hakuna hata moja iliyorudi.

Nikamtafsiria Mwalimu, neno kwa neno, ingawa alikuwa amesikia. Aliitikia kwa kichwa, akamtua mkoba, akaniachia mimi nibebe boksi, na wao wakatangulia.